Bayodizeli: kama hewa ukaa yake ni sifuri, asilimia 47 inatoka wapi?

Mpenda_Hesabu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kazi.

Kila yanapotajwa mafuta ya mimea hurudiwa maneno yaleyale: mmea umevuta hewa ukaa angani, injini inairudisha kulekule, basi jumla ni sifuri. Nikifungua majedwali nakuta bayodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea) ya kanola inapewa nafuu ya hewa ukaa ya asilimia 47 tu kuliko dizeli, ya mafuta yaliyokwisha kaangiwa 84, na ya mawese wakati mwingine 20. Kama jumla ni sifuri, tofauti hizi zimetoka wapi? Moshi si uleule?

Pia, tukiacha hewa ukaa, ekzosi yenyewe inakuwa safi zaidi au ni maneno ya wauzaji? Na mtu mwenye jenereta ya dizeli akitaka nafuu kubwa ya kweli, aanze na malighafi gani? Naomba namba, si kaulimbiu.

---

Gramu_kwa_Megajuli

Mkuu, maneno hayo ni kweli ukisimama kwenye bomba la ekzosi. Ukifuata mafuta kuanzia shambani, si kweli tena.

Moshi unahesabiwa sifuri, sawa. Halafu kila kilichochomwa kabla mafuta hayajafika kwenye tangi kinaandikwa kwenye bili: kutengeneza mbolea, trekta, kukausha mbegu, kukamua, methanoli (alkoholi ya kugeuzia mafuta kuwa bayodizeli), mvuke wa kiwandani, lori. Jumla hiyo inagawanywa kwa nishati iliyopatikana, unapata gramu za hewa ukaa kwa megajuli. Majedwali uliyoyaona ni ya Umoja wa Ulaya, ambao mafuta ya kisukuku huyapa gramu 94 kwa megajuli. Kanola iko kwenye 50 hivi. Chukua 94, toa 50, gawa kwa 94: ndiyo hiyo 47 yako.

Sehemu kubwa ya hizo 50 haitoki kwenye injini yoyote, ndiyo maana watu huisahau. Inatoka kwenye udongo. Mbolea ya naitrojeni ikishaingia ardhini, bakteria huibadilisha na sehemu yake hupaa ikiwa nitrasi oksidi. Kiwango cha kukadiria cha IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ni asilimia 1 ya naitrojeni iliyowekwa. Kinaonekana kidogo, ila kilo 1 ya gesi hiyo hupasha anga joto sawa na kilo 273 za hewa ukaa kwa miaka 100.

Tuchukue hekta moja ya kanola iliyowekwa kilo 150 za naitrojeni. Asilimia 1 ni kilo 1.5. Zidisha kwa 44/28 ili upate uzito wa nitrasi oksidi yenyewe: kilo 2.36. Mara 273 ni kilo 643 za hewa ukaa. Shamba hilo likitoa tani 3 za mbegu zenye mafuta asilimia 42, ukitoa upotevu unabaki na lita kama 1,300 za bayodizeli. Lita moja ni megajuli 33, kwa hiyo una megajuli 42,900. Gawa: gramu 15 kwa megajuli. Hiyo ni gesi moja tu, na trekta bado halijawashwa.

Kinachookoa hesabu ni mashudu. Zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu ni mashudu yanayokwenda kulisha mifugo, na mzigo wa shamba unagawanywa kwa kufuata nishati iliyomo kwenye kila zao. Kwa kanola, mafuta hubeba takriban asilimia 60, basi 15 inashuka hadi 9. Ukionyeshwa namba nzuri mno au mbaya mno ya bayodizeli, uliza kwanza mashudu yaliwekwa wapi.

Mafuta yaliyokaangiwa yanapata 84 kwa sababu yanahesabiwa kama taka. Shamba halimo kabisa, bili inaanzia pale yanapokusanywa. Kikemia ni karibu kitu kilekile.

Na kwa wanaopenda kuhesabu atomi: hata moshi wenyewe si sifuri kamili. Molekuli ya kawaida ya bayodizeli ina kaboni 19, na 1 kati ya hizo imetoka kwenye methanoli, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa gesi asilia. Takriban asilimia 5 ya kaboni, basi, ni ya kisukuku.

---

Mizizi_na_Udongo

Hesabu ya mkuu hapo juu ni ya ardhi ambayo tayari ilikuwa shamba. Swali zito zaidi ni ardhi hiyo ilikuwa nini kabla ya hapo.

Ukifyeka msitu, kaboni ya miti na udongo hutoka kwa mkupuo, kisha mafuta hulipa deni hilo kidogokidogo kila msimu. Mwaka 2008 Joseph Fargione na wenzake walichapisha katika jarida la Science muda wa kulipa. Miwa kwenye nyika ya Cerrado nchini Brazili: miaka 17. Michikichi mahali palipokuwa na msitu wa mvua Indonesia na Malaysia: miaka 86. Michikichi hiyohiyo kwenye ardhi oevu ya mboji nzito: miaka 423.

Kwa nini mboji inaruka hivyo? Imekaa chini ya maji maelfu ya miaka bila kuoza kwa sababu hewa haifiki. Ili mchikichi ukue unachimba mifereji, maji yanashuka, hewa inaingia, na mboji inaoza mwaka hadi mwaka mpaka siku utakapoyarudisha maji. Hakuna mavuno ya kushindana na kitu kama hicho.

Njia ya pili ya kuharibu hesabu huioni hata ukikagua shamba kwa miguu. Kanola iliyokuwa ikienda jikoni ikipelekwa kwenye tangi, jikoni hakufungwi. Mafuta ya kupikia yatatafutwa kwingine, mara nyingi mawese, na mahali fulani mstari wa msitu utarudi nyuma. Utafiti uliofanyiwa Umoja wa Ulaya kwa modeli ya GLOBIOM uliyapa mabadiliko ya ardhi namba hizi kwa gramu kwa megajuli: mawese 231, soya 150, kanola 65, alizeti 63, miwa 17, mahindi 14. Jumlisha 65 na ile 50 ya kanola, unapata 115, na dizeli yenyewe ni 94. Ni modeli, ukigusa makisio yake namba zinasogea. Mpangilio ndio wa kuzingatia: mazao ya mafuta juu, ya sukari na wanga chini.

Kuhusu 20 ya mawese: hiyo ni pale maji machafu ya kinu yanapokaa kwenye bwawa la wazi. Yanaoza bila hewa na kutoa methani, ambayo kwa uzito ina nguvu zaidi ya mara 27 ya hewa ukaa. Bwawa likifunikwa na methani ikakusanywa, nafuu inapanda hadi 45 hivi. Mafuta yaleyale, shamba lilelile, tofauti ni kifuniko cha bwawa.

Na kabla hajatokea wa kuitaja mibono kaburi: ni kweli haifi kwenye ardhi kavu, lakini kutokufa ni jambo moja na kuzaa mbegu ni jingine. Bila maji na rutuba haitoi cha kukamua. Zaidi ya hapo mashudu yake yana sumu, mifugo haiyali mpaka yasafishwe, kwa hiyo ule ugawaji wa mzigo alioueleza Gramu hapa hausaidii.

---

Nozeli_Nne

Nijibu la ekzosi.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikusanya vipimo vya injini kubwa na kutoa ripoti mwaka 2002. Mchanganyiko wenye asilimia 20 ya bayodizeli (B20) ulipunguza masizi kwa 10.1, kaboni monoksidi kwa 11.0 na mafuta yasiyoungua kwa 21.1, zote asilimia. Ukitumia bayodizeli tupu, masizi hupungua karibu nusu. Sababu ni kwamba bayodizeli ina oksijeni ndani yake, kama asilimia 11 ya uzito, hivyo hata katikati ya mpuliziko wa nozeli pasipofika hewa ya kutosha mafuta yanapata cha kuungulia. Salfa nayo karibu haipo.

Upande mwingine wa ripoti hiyo husomwa kwa haraka: oksidi za naitrojeni zilipanda, asilimia 2 kwa B20 na kama 10 kwa bayodizeli tupu. Hizo ndizo zinazozalisha ozoni ya chini inayochoma mapafu. Na vipimo vyote hivyo ni vya injini za zamani. Gari jipya lenye kichujio cha masizi na mfumo wa urea husafisha moshi mwenyewe, huko tofauti ya mafuta ni ndogo. Faida ya moshi kwa sasa iko kwenye mashine kuukuu: jenereta, pampu, trekta.

Usilinganishe lita kwa lita. Dizeli ina megajuli 36 kwa lita, bayodizeli 33, kwa hiyo utachoma lita nyingi zaidi kwa asilimia 8 au 9 kwa kazi ileile. Ukiandika "nimepunguza lita 1,000 za dizeli" kwa sababu umechoma lita 1,000 za bayodizeli, umejipunja ukweli.

Kumwagika: bayodizeli huoza kwenye maji haraka kuliko dizeli, na haishiki moto kirahisi (kiwango cha Ulaya kinadai mvuke wake usishike moto chini ya nyuzi 101, dizeli 55). Kuoza haraka si ruhusa ya kumwaga. Bakteria wanaoila wanatumia oksijeni ya maji, na samaki wanaikosa.

Kwenye injini, kinachoanza kulalamika ni filta. Bayodizeli huyeyusha uchafu ulioganda miaka yote kwenye tangi la dizeli na kuupeleka mbele wote kwa pamoja. Anza na B20, badilisha filta baada ya tangi la kwanza, na uwe na nyingine mkononi. Oringi na mipira ya zamani huvimba au kulainika, badilisha kwa ya Viton (mpira usioharibiwa na mafuta). Shaba nyekundu, shaba nyeupe na zinki kwenye njia ya mafuta ziondoe, kwa sababu zinaharakisha mafuta kuchacha. Tangi la kuhifadhia liwe limejaa, halina maji chini, na usikae nalo zaidi ya miezi 6.

Wale wa kumimina mafuta ya kupikia moja kwa moja: yana mnato wa 35 hivi kwa nyuzi 40 ambapo dizeli ni 2 hadi 4.5. Nozeli inatoa matone makubwa badala ya ukungu, yanaungua nusu, kaboni inaganda kwenye ncha na pete za pistoni zinanata. Hapo umeongeza masizi, hujapunguza.

---

Mpenda_Hesabu

Asanteni sana wakuu, sasa naelewa kwamba moshi ni uleule lakini bili ni tofauti. Basi nachukua mafuta yaliyokaangiwa. Kwa pipa la lita 100, ni wapi mtengenezaji mdogo anaipoteza ile 84? Na gliserini (kimiminika kizito kinachobaki mafuta yakigeuzwa) na maji ya kuoshea bayodizeli vinakwenda wapi?

---

Chupa_na_Pipeti

Unaipoteza sehemu tatu: methanoli isiyorudishwa, sabuni, na maji machafu. Nitapita hatua kwa hatua, ila kwanza tahadhari: methanoli ni sumu, inapita hata kwenye ngozi, inapofusha, na mwali wake mchana hauonekani. Glavu, miwani, uwazi wa hewa, na hakuna moto wa wazi karibu.

Chuja mafuta, yapashe hadi nyuzi 60, yaache yatulie usiku kucha, ondoa maji ya chini. Dondosha matone machache kwenye kikaango cha moto. Yakilia tiki-tiki bado yana maji. Maji na soda kostiki pamoja na mafuta ni sabuni, hakuna njia nyingine.

Pima asidi. Yeyusha gramu 1 ya soda kostiki kwenye lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Kwenye kikombe weka mililita 10 za alkoholi ya isopropili, mililita 1 ya mafuta na matone mawili ya fenolfthaleini (kiashiria kinachobadili rangi). Dondosha ile soda kwa sindano mpaka rangi ya waridi idumu sekunde 15 au zaidi. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kuongeza kwa kila lita, juu ya gramu 5 za msingi. Ukitumia 2.5, basi ni 7.5 kwa lita, gramu 750 kwa pipa. Ikizidi 5 hivi, usilazimishe: changanya na mafuta mazuri zaidi, au yatangulizie hatua ya asidi ya salfuriki. Soda ya ziada haiyaokoi mafuta mabovu, inayageuza sabuni, na mafuta yaliyogeuka sabuni ndiyo nafuu yako inayokwenda na maji.

Methanoli lita 20. Yeyushia soda humo, ndani ya chombo cha plastiki ngumu chenye mfuniko, kidogokidogo kwa sababu kinapata joto chenyewe. Kamwe si alumini wala bati la zinki. Soda inavila na kutoa haidrojeni. Mafuta yakiwa nyuzi 55 ingiza mchanganyiko huo, koroga saa 1 hadi 2. Usifike 64.7, hapo methanoli inachemka. Acha saa 12, gliserini nyeusi itashuka chini, ifungulie.

Kabla ya kuosha fanya jaribio hili: mililita 3 za bayodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, joto la chumba, tikisa, subiri dakika 10. Kukiwa na matone yaliyotulia chini, hayo ni mafuta ambayo hayakugeuka. Rudia pipa kwa sehemu ndogo ya methanoli na soda. Ukiosha kwanza, yatageuka uji mweupe usioachana, na utalaumu maji bure.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kemia inahitaji lita kama 13 tu za methanoli kwa lita 100 za mafuta. Zile 7 za ziada zipo ili kusukuma mabadiliko yafike mwisho, na mwisho wake zinabaki, nyingi kwenye gliserini. Lita 7 ni megajuli 110 za mafuta ya kisukuku. Kupasha pipa zima kutoka nyuzi 25 hadi 55 ni megajuli 5.5. Watu wanahangaika na kuni za kupashia huku wanamwaga mara 20 yake. Pasha gliserini kwenye chombo kilichofungwa chenye koili ya kupozea, rudisha methanoli. Ikiwa na maji itumie kwa uangalifu, maana maji yanarudi kutengeneza sabuni.

Maji ya kuoshea ya kwanza yana sabuni, soda na methanoli. Yasiende mtoni wala kwenye mfereji wa mvua. Toa methanoli kwenye bayodizeli kabla ya kuosha na utatumia maji machache zaidi. Maji ya mwisho yanafaa kuwa ya kwanza ya pipa linalofuata. Sawazisha asidi hadi pH (kipimo cha asidi) iwe kati ya 6 na 8, engua mafuta yanayoelea, ndipo uyapeleke kwenye mfumo wa majitaka unaoyapokea.

Gliserini iliyokwisha kutolewa methanoli huoza vizuri kwenye lundo la mboji, au kwenye mtambo wa biogesi kwa dozi ndogo ndogo. Ukiijaza kwa pupa mtambo unachachuka na gesi inakoma. Ukipanga kuitumia shambani, badala ya soda tumia haidroksidi ya potasiamu tangu mwanzo (msingi gramu 7, na maji ya kupimia asidi nayo yatengenezwe kwayo), kwa sababu sodiamu inaharibu udongo na potasiamu inaulisha. Usiichome kwenye moto mdogo, hutoa akrolini, moshi wa sumu unaowasha macho.

---

Miwa_na_Mvuke

Dizeli imeshiba, niseme neno la ethanoli, alkoholi inayochanganywa na petroli, maana hesabu yake ni ileile. Ethanoli ya miwa inapewa nafuu ya 70 kwenye majedwali yale, na siri yake ni makapi: kinu kinachoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme, hakinunui moto. Mahindi hayana makapi ya namna hiyo kiwandani, mtambo hutegemea gesi au makaa, na makaa yanaweza kula karibu nafuu yote.

Bwawa la wazi lipo huku pia. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za majitaka ya kenekeo, ya moto, yenye asidi na potasiamu nyingi. Yakimwagiliwa kwenye miwa kwa kipimo ni mbolea, yakikaa kwenye mtaro wa wazi ni methani. Na lita ya ethanoli ni megajuli 21 dhidi ya 32 za petroli, kwa hiyo E10 (petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli) huongeza ulaji kwa asilimia 3 hivi.

---

Gramu_kwa_Megajuli

Mpenda_Hesabu, kabla hujaandika 84 kwenye ripoti, uliza hayo mafuta yaliyokaangiwa yalikuwa yakienda wapi jana. Kama yalikuwa yakimwagwa kwenye bomba la jikoni, nafuu ni yako yote, na mabomba yatakushukuru. Kama alikuwa akiyachukua mtengeneza sabuni, kesho atanunua mawese, na tumerudi kwenye ule mstari wa msitu aliouchora Mizizi.

Kwa kila pipa andika: chanzo, tarehe, lita zilizoingia, mililita za jaribio la asidi, methanoli iliyoingia, methanoli iliyorudi, lita zilizotoka. Safu ya methanoli iliyorudi ikiwa tupu, kata namba yako kabla mkaguzi hajaikata.